Kilatini cha Neema

Houston, Texas
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na watoto. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Ujumbe wako nilioupata kazini nimeona haujibiki kwa vidole viwili kwenye simu, kwa hiyo nimesubiri mwanangu Baraka alale, nikachukua karatasi.

Unauliza kati ya vile vitabu vya kumfundishia mtoto Kilatini nyumbani, Song School Latin, Prima Latina na Minimus, umchukulie Neema kipi. Mimi ningemchukulia Song School sasa hivi. Prima Latina ingoje mpaka awe darasa la pili au la tatu. Minimus usiifanye somo kabisa, iwe kitabu cha hadithi tu.

Neema ana miaka sita. Kusoma Kiingereza anasoma vizuri, lakini umeniambia mwenyewe kwamba akiandika mistari mitatu anaanza kulalamika mkono. Song School imetungwa kwa watoto kama yeye: nyimbo, picha, michezo, na maneno machache kila wiki. Prima Latina ni nzuri, na mzazi asiyejua Kilatini anaipenda, kwa sababu mwongozo na video vinabeba kazi kubwa. Ina masomo 25, na kila somo lina maneno matano, msemo mmoja wa Kilatini na kipande cha sala. Ila inaanza sarufi mapema, na sarufi inataka mtoto aliyezoea kukaa na kalamu. Mwaka mmoja wa kuimba hautampotezea kitu.

Chochote utakachochagua, hakikisha kina sauti, na uisikilize wewe kwanza. Sisi Waswahili irabu za Kilatini hazitusumbui, a ni a na e ni e, na hapo Neema atawapita wenzake wa Kiingereza. Tatizo letu ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila kufikiri. Kilatini nacho mara nyingi hufanya hivyo, lakini silabi hiyo ikiwa fupi mkazo unarudi nyuma. Kwa hiyo ni DO-mi-nus, siyo do-MI-nus. Ukimfundisha kwa macho tu kutoka kitabuni atayasema yote kama Kiswahili, na ulimi ukishazoea kuunyoosha ni kazi.

Halafu kuna matamshi mawili. Ya kanisani ni yale ya Roma ya leo: c mbele ya e au i inakuwa ch, na v inabaki v. Ya kale ndiyo wanayofuata zaidi vyuo vikuu: c ni k daima, na v inatamkwa w. Yale maneno ya Kaisari, “nilikuja, nikaona, nikashinda”, mmoja atasema “veni, vidi, vichi”, mwingine “weni, widi, wiki”. Baraka alicheka mpaka akaanguka kitini. Prima Latina inafuata ya kanisani, Song School inakupa nyimbo kwa matamshi yote mawili. Chagua moja, usirudi nyuma. Kwa kuwa Neema anaimba kwaya ya watoto, na pale kwenu wanaimba ule wimbo wa Kilatini, Tantum Ergo, kwenye Baraka ya Sakramenti, mimi naona ya kanisani.

Sasa nikwambie kitu ambacho vitabu hivi havitakwambia, maana vimeandikwa kwa mtoto ambaye ana Kiingereza peke yake. Vinatumia kurasa nyingi kumweleza kwamba neno moja, amo, linaweza kubeba “mimi” na “kupenda” pamoja. Neema anasema “napenda” tangu ana miaka miwili! Amo, amas, amat. Napenda, unapenda, anapenda. Tofauti ni kwamba Warumi walikiweka kiungo cha “mimi, wewe, yeye” mwishoni, sisi tunakiweka mwanzoni. Vivyo hivyo na sifa kubadilika kufuata nomino. Mtoto anayesema mti mrefu na kiti kirefu hatashangazwa na magnus, magna, magnum, yaani “kubwa” kwa maumbo matatu. Na akifika kwenye nauta, yaani baharia, neno lenye umbo la kike lakini wanasema nauta bonus kwa kuwa baharia ni mwanamume, wewe mkumbushe tu kwamba tunasema kijana mwema, hatusemi kijana chema. Atakwenda zake. Atakapokwama ni kwenye uhusika, yaani nomino kubadilika mwisho kufuata kazi yake kwenye sentensi: puella, msichana, ikigeuka puellam kwa sababu sasa ndiye anayetendwa. Hapo hatuna cha kumwazima, na ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia Prima Latina.

Minimus nakusifia kwa sababu nyingine. Ni panya anayeishi na familia ya kamanda kwenye ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza karibu na ukuta wa Hadrian. Familia ile ilikuwepo kweli. Kuanzia mwaka 1973 wachimbaji walipata pale vibao vyembamba vya mbao vyenye wino, na kimojawapo ni barua ya mwaka 100 hivi ambayo mama mmoja, Claudia Severa, anamwalika Lepidina, mke wa kamanda, kwenye siku yake ya kuzaliwa. Karani ndiye aliyeandika sehemu kubwa, lakini salamu za mwisho Severa aliziongeza kwa mkono wake. Baraka alipoona picha ya barua hiyo akataka kujua kama kulikuwa na keki. Tangu siku hiyo Warumi kwake si sanamu tena.

Kuhusu Baba Neema anayekiita Kilatini “lugha ya wafu”, mkumbushe kwamba baba yake mwenyewe alitumikia misa Kibosho kwa lugha hiyohiyo, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaruhusu lugha za wenyeji kwenye misa. Lakini ana hoja moja naiunga mkono: Neema asome Kiswahili kwanza. Kuzungumza anazungumza, kusoma bado. Kama kwa siku una dakika kumi na tano tu za ziada baada ya hesabu na Kiingereza, na ukitoka zamu ya usiku najua ndizo ulizonazo, zipe Kiswahili. Kilatini kifanye mara mbili tatu kwa wiki, kwenye gari mkienda maktaba. Nyimbo zinafaa hapo hasa.

Minimus usinunue, nitakutumia ya Baraka, ina rangi za krayoni kurasa kadhaa lakini inasomeka. Kabla hujaagiza Song School muulize mwalimu wa kwaya wanatamkaje neno excelsis la kwenye Gloria pale kwenu, kisha unipigie Jumamosi mchana, niko nyumbani.

Wako,
Mama Baraka