Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti azungumze kabla ya mhazini kusoma hesabu na kabla ya uchaguzi. Mhazini ana makaratasi yake na sitamwingilia. Nitasema tu kwamba hatudaiwi na mtu, kodi ya karakana imelipwa, na ada za wengi zimeingia. Wale ambao zao hazijaingia wanajijua, na namba ya M-Pesa ni ileile. Muda wangu nitautumia zaidi kwenye mambo mawili yaliyotushughulisha mwaka mzima sisi waunda vielelezo vya mashine: lethi yetu, yaani mashine ya kukereza vyuma, na Gelai, garimoshi la mvuke ambalo baadhi yetu wanataka tuliunde kwa udogo.

Nianze na lethi. Mkutano uliopita uliiagiza kamati iamue kama tuiuze hii mashine kuukuu tununue mpya ya Kichina, au tuifufue. Kamati iliamua kuifufua, na si kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya zamani, ingawa najua wamo humu ndani wenye ugonjwa huo. Mashine yetu ni Myford ML7, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1946 kutoka Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza. Iliundwa makusudi kwa ajili ya watu kama sisi, wanaokereza vyuma jioni baada ya kazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Juu ya kitanda chake, yaani zile reli ndefu za chini, huzunguka kipande cha upana wa milimita 178, na kwenye pengo lililo karibu na kichwa, upande unaozungusha chuma, huingia hadi cha milimita 254. Shikeni tarakimu hizo mbili, nitazirudia tukifika kwa Gelai.

Zile mpya za Kichina za ukubwa wa mezani zina sifa zake. Ni nyepesi, zinatumia stima ya kawaida ya nyumbani, na wanachama wetu kadhaa wanazo na wanafanyia kazi nzuri. Lakini wenyewe watawaambia kwamba ukiifungua boksi hujanunua mashine iliyo tayari. Unaifumua, unaisafisha, unaikaza upya reli zake za kutelezea, na unaweka akiba ya gia za plastiki kwa siku kisu kitakapong'ang'ania chuma. Kama ni lazima ufumue, heri ufumue ile uliyonayo.

Kazi ilikuwa hivi. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba lethi inakereza mshazari: unaanza na fimbo iliyonyooka, unamaliza na kitu chenye umbo la karoti. Wengi walisema kitanda kimelika. Msimamizi wa karakana hakubishana na mtu. Alifunga fimbo ya chuma ya milimita 25 kwenye kishikio, upande wa pili akauacha huru bila kuushika na mkia, kile kishikizi cha mwisho wa mashine, kisha akaipunguza katikati ili zibaki pete mbili: moja karibu na kishikio, nyingine mwishoni. Akapitisha kisu kwa mkato mwembamba juu ya pete zote mbili bila kugusa mpini wa kuingiza kisu, akazipima. Pete ya mwisho ilikuwa nene kuliko ya kwanza kwa milimita 0.05.

Hapo akalegeza bolti zinazoishika mashine kwenye meza, na kitanda kikajiinua kidogo kwenye kona moja. Kumbe kitanda hakikuwa na ubaya wowote. Meza ya mbao ilikuwa imekauka na kujipinda, na bolti zilikuwa zinakisokota chuma kifuate mbao. Dawa yake ilikuwa kipande cha bati la kopo la soda, chenye unene wa kama milimita 0.1, kilichowekwa chini ya mguu wa mbele upande wa mkia. Mguu huo ukiinuka, kisu husogea kwa ndani kule mwishoni na pete ya mwisho hupungua. Akakaza, akakata tena, akapima tena, akaongeza kipande kingine, hadi mikromita, kipimo chetu cha unene, haikuona tofauti. Meza ya mbao imeondolewa. Sasa mashine imekaa juu ya fremu ya chuma iliyochomelewa Kariobangi, na kila baada ya miezi michache jaribio la pete mbili litarudiwa na matokeo kuandikwa kwenye daftari linaloning'inia ukutani.

Beringi za kichwa nazo zimerekebishwa. Kwenye mashine yetu ni za metali nyeupe, na kati ya vipande vyake viwili kuna bati nyembamba zilizopangwa. Ulegevu ukizidi, unaondoa bati moja, unakaza, unazungusha kwa mkono usikie. Ukiondoa nyingi kwa pupa, beringi inashika moto. Kwa hiyo nasema mbele ya mkutano: hakuna ruhusa ya mwanachama kugusa beringi hizo peke yake, hata akiwa fundi wa miaka mingapi.

Jambo la mwisho kuhusu lethi ni la wapenda hesabu. Skrubu kuu ya mashine, inayosogeza kisu tunapokata nyuzi, ni ya inchi, yenye nyuzi 8 kwa kila inchi, na bolti tunazonunua madukani leo ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, maana yake inchi 5 ni milimita 127, ndiyo sababu vitabu vyote vinasema utafute gia ya meno 127. Gia hiyo kwa mashine yetu ni sahani kubwa kupita nafasi iliyopo. Badala yake mwanachama mmoja ametukatia gia moja tu ya meno 21. Panga gia ya meno 30 iendeshe ya 40, kisha ya 21 iendeshe ya 50, na utapata nyuzi za milimita 1. Kwenye skrubu ya urefu wa milimita 100 kosa halifiki milimita 0.02. Huyo mwanachama alikataa malipo, akaomba chai. Alipewa, na mandazi pia.

Sasa Gelai.

Kwa wageni waliopo: ukienda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, utaikuta garimoshi namba 5918, Mount Gelai, ya daraja la 59. Zilikuwa 34, zikaundwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai yenyewe iko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Garimoshi hizi ndizo zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na hakuna za mvuke zilizowahi kuzizidi nguvu kwenye reli ya upana wa mita moja. Muundo wake ni wa Garratt: boila moja nene imebebwa katikati, na mbele yake na nyuma yake kuna injini kamili yenye magurudumu yake na silinda zake mbili, inayoweza kugeuka peke yake kwenye kona. Ndiyo maana lidude lenye urefu wa zaidi ya mita 31 liliweza kupanda kutoka pwani kwenye reli zenye makunyanzi.

Kikundi cha wanachama, wengi wao watoto na wajukuu wa watu wa reli, kimependekeza tuiunde Gelai kwa pamoja, iwe ya mvuke wa kweli na ivute watu, kwenye reli ya upana wa inchi 5. Nimeulizwa mara nyingi msimamo wangu, na leo nautoa. Napinga tuanze nayo kwa kipimo hicho, na sababu zangu ni za mkanda wa kupimia.

Inchi 5 ni milimita 127, na reli yake halisi ni milimita 1000, kwa hiyo kila kitu kinagawanywa kwa 7.9 hivi. Urefu unakuwa mita 4. Uzito, ambao unagawanywa mara tatu kwa sababu mwili una urefu, upana na kimo, unashuka kutoka tani kama 256 hadi zaidi ya nusu tani. Hiyo haipandi ngazi za karakana yetu, na haishuki pia. Magurudumu ni 28, kati yake 16 ni ya kuendesha, kila moja lenye kipenyo cha milimita 174 kabla hujahesabu ukingo wake. Kumbukeni zile milimita 178 juu ya kitanda. Ukingo ukiongezwa, gurudumu halipiti, na kila moja itabidi likerezwe ndani ya pengo, mashine ikienda polepole, mtu mmoja amesimama hapo jioni nzima. Halafu boila yake ya shaba nyekundu, kwa bei ya shaba ya leo, peke yake inaweza kumeza ada zetu za miaka.

Na hata tukimaliza, tutaiendesha wapi? Hatuna reli. Hatuna hata kiwanja cha kuitandaza.

Wenye pendekezo wamejibu kwamba tupunguze hadi inchi 3.5. Hesabu inakuwa nyepesi zaidi: urefu mita 2.8, uzito kilo 180, gurudumu milimita 122, linaloingia kwenye mashine yetu bila taabu. Hilo naliona linawezekana, lakini bado si kazi ya kuanzia. Ndani ya chama hiki waliowahi kumaliza injini ya mvuke inayozunguka kwa nguvu zake wanahesabika kwa vidole vya mikono, na waliowahi kuunda boila ni wachache kuliko hao.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo hili mpigie kura. Kundi la Gelai liendelee na kupima na kuchora, kwa ruhusa ya makumbusho, bila kukata chuma. Sambamba na hilo, chama kiunde garimoshi dogo la magurudumu manne la inchi 3.5, ambalo makosa yake tutaweza kuyalipia. Nimesikia manung'uniko kwamba tunawakatisha vijana tamaa. Mimi naona kinachomkatisha kijana tamaa ni fremu ya mita nne iliyolala pembeni ikipata kutu, huku wazee wakisema itamalizwa. Wenzetu wa London wana chama cha wahandisi wa vielelezo kilichoanzishwa mwaka 1898, mwaka mmoja kabla Reli ya Uganda haijafika Nairobi, na kipo mpaka leo. Hakikudumu hivyo kwa kuanza na makubwa.

Kuhusu boila, hapa hakuna kura. Kamati imepitisha kwamba boila yoyote itakayowashwa kwenye shughuli ya chama, iwe ya chama au ya mtu binafsi, itapimwa kwanza kwa maji baridi: mara mbili ya shinikizo la kazi ikiwa mpya, na mara moja na nusu kwa vipimo vya baadaye. Ndivyo wanavyofanya wenzetu Uingereza. Tunatumia maji kwa sababu hayabanwi. Kiungo kikiachia, maji yanachuruzika na unaona pameachia wapi. Kikiachia kwa hewa au mvuke, hutapata nafasi ya kuona. Viungo vya boila vichomelewe kwa fedha, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi 600 na kitu, na mnaponunua ulizeni kama ina kadmiamu. Ikiwa nayo, iacheni dukani, moshi wake ni sumu. Boila iliyofungwa kwa risasi ya kuunganishia redio haitaingia getini.

Mafunzo yameenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kila mwanachama mpya anaanza na injini ndogo ya silinda inayotikisika, ambayo haina vali wala boila, na inajaribiwa kwa pampu ya baiskeli. Gurudumu lake la uzito tunalisubu wenyewe kwa alumini ya pistoni kuukuu kutoka Gikomba. Nitawataja bila majina wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi, wa kike wote wawili, waliomaliza za kwao kabla ya baadhi ya wajumbe wa kamati. Mmoja wao amejifunza kunoa kisu kwa mkono kwenye jiwe hadi anatoa chuma nyororo kuliko vipande vya kabaidi vya kununua. Wanaotaka kujifunza kunoa wamfuate yeye, wasinifuate mimi.

Usalama kwa ufupi, kwa kuwa mabango yapo ukutani na hayasomwi: ufunguo wa kishikio hautoki mkononi isipokuwa kurudi kwenye ndoano yake, hakuna mikono mirefu, tai, wala mtandio unaoning'inia mbele ya mashine, na mabaki ya mkato yaliyojikunja hayavutwi kwa vidole.

Tumempoteza mzee wetu mmoja mwaka huu, aliyekuwa fundi wa karakana za reli enzi za mvuke. Familia yake imetuachia tupa zake na sanduku la vipimo. Katibu ameandika barua ya shukrani kwa niaba yenu, na wajumbe walihudhuria mazishi. Vipimo hivyo vitaazimwa kwa kusaini.

Nafasi zilizo wazi ni ya katibu msaidizi na ya msimamizi wa karakana, kwa kuwa aliyepo ameomba apumzike. Fomu ziko kwa katibu hadi saa ya kupiga kura. Na yeyote aliyeondoka na mikromita ya milimita 0 hadi 25 kutoka kwenye lile sanduku, kabla kitabu cha kusaini hakijaanza, airudishe tu, hata kwa kumpa mlinzi. Hataulizwa kitu.

Asanteni. Namwachia mhazini.