Barua ya wazi kwa mabinti wanaosimama golini

Binti zangu,

Habari za mazoezi. Nawaandikia ninyi mliokwisha kuvaa glavu na mkaamua hamzivui. Ushauri mwingi mnaopewa ni wa kuruka: ruka juu zaidi, ruka mbali zaidi. Mimi nasema kipa anayetaka kudumu ajifunze kwanza kusimama. Goli la wanawake ni lile lile la wanaume, mita 7.32 kutoka mlingoti hadi mlingoti, mita 2.44 kutoka chini hadi mtambaapanya, na hakuna atakayewapunguzia. Mnachoweza kupunguza ni sehemu mnayomwachia mpigaji, na kazi hiyo hufanywa na miguu kabla ya mikono.

Piga hesabu. Mshambuliaji yuko mita 11 mbele ya katikati ya goli. Ukibaki kwenye mstari, una mita 7.32 za kulinda. Ukisogea mita 3 mbele, pale uliposimama zimebaki kama mita 5.3. Ukisogea 4, zimebaki kama 4.7. Umeshamnyang'anya zaidi ya mita mbili na nusu na bado hujaruka. Gharama yake ni mbili: muda wa kuuona mpira unapungua, na mpira wa kubetua unaweza kukupita juu. Kwa hiyo sogea wakati mpira hauko tayari kupigwa, yaani anapoukimbiza au anapoutuliza. Akishainamisha kichwa na mguu wake ukarudi nyuma, wewe uwe umeshatulia: miguu upana wa mabega, uzito kwenye nyayo za mbele, magoti yamelegea, mikono mbele ya mwili. Kipa anayefungwa shuti la kawaida kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa hewani tunamwona kila wiki, halafu jukwaani watu wanasema ni mfupi. Urefu unasaidia, sikatai, lakini lawama nyingi za urefu ni lawama za hatua.

Mpira unaowaaibisha zaidi ni ule wa juu unaoshuka nyuma ya kichwa. Kosa huwa moja: kurudi kinyumenyume. Ukirudi hivyo, visigino vinakuzuia kuruka na unaishia kuanguka ndani ya goli pamoja na mpira. Mpira ukielekea juu ya bega la kulia, fungua nyonga ya kulia, rudi kwa hatua za kupishana huku macho yakiwa kwenye mpira, kisha uupangue kwa mkono wa kushoto. Mkono ulio juu ndio unaofika mbali. Zoezi lake halihitaji kifaa: mwenzako asimame mita 14 hivi, arushe mipira kwa mkono juu ya kichwa chako, minane kila upande, upumzike, mrudie mara tatu.

Krosi nazo ziamuliwe mapema. Kama huna hakika utaufikia mpira, baki golini na useme neno moja tu, "Ondoa!" Kama unatoka, sema "Kipa!" kabla ya kuruka, ruka kwa mguu mmoja, goti la upande wa adui likiwa juu kukulinda, na udake mbele ya paji la uso kabla mpira haujaanza kushuka. Katikati ya msongamano piga kwa ngumi mbili, juu na kwenda pembeni. Ngumi inayoangusha mpira mbele ya goli imetoa pasi. Kibaya kuliko vyote ni kutoka nusu na kusita.

Sasa kuanguka, maana hapa ndipo miili inapoharibikia. Hatua ya kwanza iende mbele kwa mshazari, siyo pembeni tupu, kwa mguu wa upande wa mpira. Mwili ugonge ardhi kwa mfuatano: upande wa kigimbi, paja, nyonga, kisha bega. Tumbo lisiguse, kiwiko kisitangulie. Mkono mmoja uwe nyuma ya mpira, mwingine juu yake, na ardhi iubane kwa chini. Anza ukiwa umepiga magoti, kisha ukiwa umechuchumaa, mwisho ukiwa umesimama. Kocha anayemrusha msichana mpya kutoka wima kwenye uwanja mgumu siku ya kwanza anamfundisha kuogopa. Na katika kila seti, ukianza kutua kwa kiwiko, seti imekwisha hata kama idadi haijatimia. Umechoka, na mwili unajifunza kosa.

Kwenye goti, ukweli ni kwamba kano ya mbele ndani ya goti huchanika kwa wachezaji wa kike mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na mara nyingi hakuna aliyemgusa. Inatokea mtu anapotua, anapofunga breki au anapogeuka, goti likaingia ndani. Jiangalieni mkitua: magoti yakunjwe, yaelekee vidole vya miguu, na mkitua kwa miguu miwili uzito uwe kwa yote. Ipo programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+, inachukua kama dakika 20. Ifanyeni walau mara mbili kwa wiki, na kipa asiachwe kando akidaka mipira wakati wenzake wanaifanya. Viatu navyo visibane mbele wala kuteleza kisiginoni, na meno yake yasiwe marefu kwenye uwanja mkavu, kwa sababu mguu ukinasa, goti ndilo linalozunguka. Sidiria ya michezo ijaribiwe kwa kuruka na kuanguka, siyo kwa kusimama mbele ya kioo. Lastiki ikilegea, badilisha.

Kichwa hakina mjadala. Ukigongwa ukasikia kizunguzungu, kichwa kikauma, ukataka kutapika au mwanga ukakukera, unatoka siku hiyo na hurudi siku hiyo. Kurudi ni kwa ngazi, kila ngazi walau saa 24, chini ya uangalizi wa daktari. Briana Scurry, kipa bingwa wa dunia wa mwaka 1999 na Marekani, alimalizwa kisoka na mtikiso wa ubongo alioupata uwanjani mwaka 2010.

Glavu: ncha za vidole zibakize nafasi ndogo tu, kama nusu sentimita. Wasichana wengi wanavaa zilizokuwa za kaka zao, mpira unateleza, wanaambiwa hawana mikono. Zilowanishe kidogo kabla ya kudaka, kwa sababu povu la kiganja cha glavu likikauka halishiki. Baada ya mechi zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zikamue kwa kubonyeza bila kusokota, na zikauke kivulini. Jua hulipasua povu. Uwe na pea mbili, moja ya mazoezi, moja ya mechi.

Sheria zisomeni wenyewe, msingoje kocha. Tangu msimu wa 2025/26, ukishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapata kona, na mwamuzi huhesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Kwenye penalti, mpira unapopigwa walau sehemu ya mguu wako mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake. Kombe la Dunia la wanawake la 2019 liliwaumiza makipa kwa kipengele hiki. Lee Alexander wa Scotland alipangua penalti ya Argentina dakika za mwisho, VAR, yaani waamuzi wa video, ikaonyesha alitangulia kutoka mstarini, ikarudiwa ikaingia, matokeo 3-3. Chiamaka Nnadozie wa Nigeria alimwona Wendie Renard akigonga mlingoti, nayo ikarudiwa, Ufaransa ikashinda 1-0. Siku hizi mpira uliogonga mlingoti au uliopaa haurudiwi, ila kama kosa la kipa limemwathiri mpigaji waziwazi. Basi fanyeni mazoezi ya penalti mkiwa na mtu wa kutazama miguu yenu tu, asitazame mpira. Nnadozie mwenyewe mwaka 2023 aliipangua penalti ya Christine Sinclair wa Kanada, na hakuna aliyeirudisha.

Mtakaa benchi. Hii ni nafasi ya mtu mmoja, na kipa wa kwanza habadilishwi dakika ya 60 kama winga. Nadine Angerer wa Ujerumani alikuwa nyuma ya Silke Rottenberg kwa miaka mingi. Alipopata nafasi Kombe la Dunia la 2007, akiwa na miaka 28, hakufungwa hata bao moja na fainali akapangua penalti ya Marta wa Brazil. Mary Earps alikaa karibu miaka miwili bila kuitwa England hadi 2021, na mwaka 2023 akachukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya kipa bora wa Kombe la Dunia. Wote wawili waliendelea kucheza klabuni, na hilo ndilo la kuangalia. Benchi bila mechi zozote kwa misimu miwili mfululizo, ukiwa chini ya miaka 23, omba kwenda klabu nyingine kwa mkopo. Daraja la chini lenye mechi 20 linakufundisha zaidi kuliko jezi ya klabu kubwa.

Mwisho, karatasi. Mkataba uwe wa maandishi, na kama hujafika miaka 18 usizidi miaka mitatu. Kwa kanuni za FIFA, uhalali wake hauwezi kutegemea kufaulu vipimo vya afya, wala kupima ujauzito. Likizo ya uzazi ni walau wiki 14, zisizopungua 8 zikiwa baada ya kujifungua, kwa walau theluthi mbili ya mshahara, na kukuvunjia mkataba kwa sababu ya mimba ni kosa. Tangu 2024 ipo pia haki ya kupumzika kwa sababu za hedhi kwa malipo kamili, ukiwa na cheti cha daktari bingwa. Mishahara miwili ya mwezi ikipita bila kulipwa, andika notisi ukiwapa klabu walau siku 15. Kimya kikiendelea, una sababu halali ya kuondoka. Ndiyo maana notisi hiyo iende kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe, siyo kwa simu wala kwa mdomo korido ya uwanja. Wakala awe na leseni, na nakala ya mkataba uliosainiwa pande zote ikae kwako, si kwake.

Wasalaam,
Mama yenu