Usimpake mtoto, Time

Chake Chake, Jumamosi usiku

Shoga yangu Time,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mama mkwe mzima, magoti yake ndiyo yale yale, na Hamadi kafaulu ule mtihani, hayo nitakueleza siku nyingine. Miezi mitano kimya halafu naja mbiombio, najua utanisema. Niseme baadaye. Kwanza hili: ule mzigo niliokutumia kwa boti ya Tanga, ukiufungua, usimpake mtoto chochote kilichomo. Chochote! Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, maana ikifuata boti itakuta mambo yameshakuwa.

Uliponiambia kitoto kina mafua na Lushoto baridi kali, mimi mbio kutafuta. Nikapata mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yaliyotoka kiwandani Wawi, nikapata ya mchaichai na ya mkaratusi. Nikayagawa kwenye vichupa vya glasi, vyako vitatu na vyangu vitatu, vyote sawasawa, nikabandika karatasi na kuandika majina kwa kalamu ya wino. Nikakufungia ndani ya kanga (kanga ni yako, usimpe wifi yako). Leo usiku nimechukua changu cha makonyo, mgongo unaniuma, naona karatasi haina neno. Tone limechuruzika pembeni likala wino wote! Nikahisi tumbo linanikata. Kama changu kimefutika, chako kilichosukwasukwa baharini na kwenye basi je?

Utasema harufu ya karafuu nani asiyeijua, tumekua tunachambua karafuu mpaka vidole vinanuka kwenye wali. Kweli. Lakini sauti yako ya juzi kwenye simu nimeisikia, pua imeziba kuliko ya mwanao. Basi fanya hivi: chukua gilasi ya maji, dondosha tone moja. Likizama mpaka chini, hayo ni makonyo, maana ni mazito kuliko maji. Mchaichai na mkaratusi yanaelea juu. Usitumie kikombe cha plastiki, gilasi ya kioo.

Na ukishayajua, bado usimpake. Nimemuuliza wifi Salma, yule wa masaji kule hotelini Nungwi, akanifokea mpaka nikatamani kukata simu. Anasema mtoto wa miezi mitatu hata mkaratusi usimsogezee puani wala kifuani, kifua chake kidogo kinaweza kubana badala ya kufunguka. Akimeza ndiyo balaa kabisa: kijiko kimoja tu cha mafuta ya karafuu kinaweza kumharibu ini, na mkaratusi unaweza kumtia degedege. Na sisi tunaviacha dirishani karibu na dawa ya kikohozi! Viweke juu kabatini, tena kwenye giza, vitakaa zaidi.

Mtoto mnyonyeshe, mfunike, pua mtilie yale matone ya maji ya chumvi wanayouza duka la dawa. Ukiona anahema mbiombio, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au kakataa ziwa, usinipigie mimi. Nenda hospitali.

Mafuta yawe yako wewe. Ya makonyo, tone moja tu kwa kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi, kisha mumeo Bakari akusugue mgongo, na umlinde mtoto asije akayagusa. Tone moja, Time. Nakujua wewe na mkono wako wa chumvi. Mchaichai hivyo hivyo. Usipake mafuta matupu kwenye ngozi, na hapa nasema kwa ushahidi. Unakumbuka mwezi wa Ramadhani jino langu la nyuma? Nilichovya pamba kwenye makonyo matupu, nikaibana jinoni, usingizi ukanichukua. Kuganda liliganda kweli, mdomo mzima ukafa ganzi, mama mkwe ananiuliza daku lipi nami namjibu kama mlevi. Asubuhi fizi nyeupe, inachunika kama ngozi ya maziwa. Wiki nzima nakunywa uji kwa upande mmoja. Na jino likang'olewa vile vile! Ile ganzi inakuficha maumivu tu, shimo liko pale pale.

Salma ananichekesha, siku hizi anasema "aromatherapi" kwa mdomo wa mbele, yaani tiba ya harufu. Eti jina lenyewe kalitunga mkemia wa Kifaransa, Gattefossé, kitabu chake kikatoka 1937. Nikamwambia bibi yangu alikuwa anajifukiza udi na kufunga kikuba cha asumini, mrehani na langilangi kabla ya huyo bwana hajajua chetezo ni nini. Akasema ndiyo, lakini bibi yako hakumfukizia mtoto mchanga usoni. Nikanyamaza. Sikumbuki kama hakufanya. Nikumbuke, yule mdogo wetu wa mwisho… basi, tuyaache.

Usidhani nayadharau. Mimi jioni nikiweka matone mawili ya mchaichai kwenye bakuli la maji ya moto, dirisha wazi, mabega yanashuka yenyewe na kelele za watoto nazisikia kwa mbali. Hilo nalipenda na sidai zaidi. Sitaki kusikia ya yule jirani yako wa nyungu, aliyejifukiza 2020 wakati wa korona mpaka akababuka uso na mvuke na bado anasimulia kama ushindi.

Na ile presha yako, vidonge unameza? Usinijibu "najisikia vizuri."

Sasa nijibu upesi, hata kwa neno moja. Mzigo umefika? Umeufungua peke yako au mama yake Bakari kautangulia? Maana yule akiona kichupa na mtoto anakohoa… Time, ushampaka? Kama ushampaka mwoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, na uniambie kweli, sitakugombeza. Analala vipi? Ziwa analishika? Tone lilizama?

Nipo macho, simu iko mkononi.

Asha