Boma la mawe linalostahili wageni zaidi

Mhariri,

Ukimwuliza mkazi wa Nairobi ataje ngome moja ya Kenya, atakutajia Fort Jesus ya Mombasa, na hapo mazungumzo yatakoma. Juzi mimi na wanangu tulizuru Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, boma la mawe lililojengwa kilimani yapata karne ya 16 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2018, nami niliona haya kwa kuchelewa kiasi hicho.

Kuta zake, ambazo mahali pengine hufikia urefu wa mita 4, hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Jiwe limelazwa juu ya jiwe, na vijiwe vidogo vimepachikwa kuziba mianya. Mlango ni mfupi hata kila mgeni huingia ameinama, kwa hiyo adui angetanguliza kichwa mbele ya mlinzi aliyemsubiri ndani. (Mimi niligonga paji la uso, wanangu wakacheka.) Nje kuna vijia vinavyopita vichakani, kati ya miti yenye utomvu mweupe inayofanana na mpungate, na kimya chake hakipatikani hata katika msitu wa Karura jijini Nairobi siku ya Jumapili.

Naomba walimu wa Nairobi wanaopanga ziara za wanafunzi wapafikirie mahali hapa, na wahusika waongeze vibao barabarani, maana dereva wetu aliuliza njia mara tatu.

Mzazi,
Nairobi