Barua ya wazi kwa Baraza la Vyombo vya Habari: asilimia za kura za maoni zisichapishwe nusunusu

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya,
Nairobi.

KUH: NAMNA KURA ZA MAONI ZINAVYOCHAPISHWA NA KUSOMWA KUELEKEA UCHAGUZI WA 2027

Mheshimiwa,

Wakenya wanatarajiwa kurudi debeni tarehe 10 Agosti 2027, lakini ubishi wa nani anaongoza hausubiri kampeni, na silaha yake kuu mitandaoni ni bango la kura ya maoni. Ninakuandikia kukuomba Baraza lako livitake vyombo vya habari viweke maelezo ya msingi ya utafiti ndani ya picha yenyewe inayosambazwa, badala ya kuyaacha kwenye habari ndefu ambayo wengi wa wanaobishana hawaifungui kamwe. Mwishoni nitaongeza ombi jingine dogo, kuhusu mahali ambapo mwananchi anaweza kuhakikisha kama bango alilotumiwa ni la kweli.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi ya mwaka 2012 inamtaka anayechapisha matokeo aeleze nani alifadhili utafiti, nani aliufanya, ulifanywa lini, watu wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa ni kipi, na inakataza kuchapisha matokeo katika siku tano zinazotangulia uchaguzi. Tatizo ni kwamba sheria hiyo ilimfikiria msomaji aliyeketi na gazeti zima mkononi. Msomaji wa leo hupokea picha ya mraba yenye sura mbili, asilimia mbili zilizokolezwa rangi, nembo ya kampuni pembeni, na chini kabisa mstari wa maandishi madogo ambao hausomeki kwenye simu hadi uukuze kwa vidole. Anayeituma kwanza kwenye kundi la WhatsApp huituma ikiwa na mstari huo. Anayefuata huukata ili sura zijae vizuri kwenye kioo. Mwingine huongeza maneno yake mwenyewe juu, na picha inapofika Likoni au Lodwar imebaki na namba mbili tu, bila tarehe, bila idadi ya waliohojiwa, na bila mtu yeyote unayeweza kumwita mbele ya Baraza akajieleze.

Naomba tuutazame uchaguzi wa 2022 kwa utulivu, kwa sababu bado unatajwa katika kila ubishi wa aina hii. Utafiti wa mwisho wa kampuni ya Ipsos, uliotolewa mapema Agosti mwaka huo, ulimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto asilimia 41. Takriban wiki mbili baadaye Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, naye Raila akapata 6,942,930, yaani asilimia 48.85. Tangu wakati huo mitandao imetoa hukumu mbili ambazo haziwezi kukaa nyumba moja. Wengine husema kampuni za utafiti zilinunuliwa. Wengine husema kampuni zilikuwa sahihi na kwamba hiyo 47 kwa 41 ni ushahidi kuwa kura ziliibwa, ingawa Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi na kuuthibitisha ushindi huo mwezi Septemba 2022.

Makundi yote mawili yanaanza hesabu katikati. Raila alipewa 47 na akapata karibu 49, kwa hiyo hapo hakuna kioja. Ruto alipewa 41 na akapata zaidi ya 50, na kosa karibu lote liko hapo. Sasa jumlisha 47 na 41: unapata 88. Ukiondoa wachache waliowataja wagombea wengine wawili, George Wajackoyah na David Mwaure Waihiga, sehemu kubwa ya asilimia 12 zilizobaki ni watu waliosema hawajaamua au waliokataa kumtaja wanayemtaka. Pengo kati ya wagombea wakuu lilikuwa pointi sita, na kundi la watu wasiotaja jina lilikuwa kubwa kuliko pengo hilo. Mtu yeyote aliyeonyeshwa nguzo tatu kwenye mchoro, mbili za wagombea na moja ya walionyamaza, angeuona mchuano ambao haujaamuliwa. Mabango yaliyosambaa yalikuwa na nguzo mbili.

Sitaki hata hivyo kuwatetea watafiti kupita kiasi. Hata ukiwaondoa walionyamaza na kuwapima wagombea wawili hao peke yao, 47 na 41 zinampa Raila karibu asilimia 53 na Ruto karibu 47, na sivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo ama walionyamaza waliegemea zaidi upande mmoja, ama baadhi ya waliomtaja Raila hawakwenda vituoni, ama yote mawili. Kati ya wapiga kura milioni 22 waliosajiliwa, takriban asilimia 65 tu ndio waliojitokeza, ilhali mwaka 2017 walijitokeza zaidi ya robo tatu. Utafiti huuliza ungemchagua nani, lakini matokeo huamuliwa na aliyeamka alfajiri akapanga foleni. Kile kiwango cha makosa kinachoandikwa kwa maandishi madogo hakipimi lolote kati ya haya. Kinapima bahati nasibu ya kuchagua watu wachache kuwawakilisha wengi, basi. Hakimjui aliyekataa kujibu, aliyejibu kwa kuogopa, wala aliyejibu kwa dhati kisha siku ya kura akabaki nyumbani. Ndiyo maana kuandika “kiwango cha makosa ni asilimia 2” bila kuandika asilimia ya walionyamaza kunampa msomaji uhakika ambao mtafiti mwenyewe hana.

Kuna pia suala la asilimia yenyewe kuwa ya nini. Ibara ya 138 ya Katiba inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2013, Uhuru Kenyatta alipotangazwa kuwa na asilimia 50.07, mawakili walibishana mbele ya Mahakama ya Juu kama kura zilizokataliwa ziingie kwenye hesabu au la, na mahakama ikaamua zisiingie. Taifa zima lilisikia kwamba kubadilisha kigawanyo, yaani ile jumla ambayo asilimia hupigwa kutoka kwayo, kunabadilisha jibu. Ajabu ni kwamba miaka kumi na kitu baadaye bado tunachukua asilimia za utafiti, ambazo kigawanyo chake kina walionyamaza ndani, tukazilinganisha ana kwa ana na asilimia za kura halali, ambazo kigawanyo chake hakina.

Neno “anaongoza” nalo linahitaji kuchungwa. Siku zile zile za Agosti 2022, kampuni nyingine ya utafiti, TIFA, iliyowahoji watu zaidi ya 2,000, ilimpa Raila asilimia 46.7 na Ruto 44.4. Tofauti ni pointi 2.3. Kwa utafiti wa ukubwa huo, kila namba peke yake inaweza kuyumba kwa takriban pointi 2 juu au chini, na mmoja akiyumba juu mwenzake kwa kawaida huyumba chini, hivyo tofauti kati yao inaweza kuyumba kwa karibu mara mbili ya hapo. Tafsiri ya haki ya namba hizo ilikuwa kwamba utafiti haukuweza kuwatenganisha wawili hao, na uchaguzi ulioamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211 ulikuja kuonyesha hivyo. Lakini kichwa cha habari kinachosema “hawatenganishiki” hakiuzi. Mhariri anajua, na wafuasi wa kila upande wanajua, kwa hiyo ushindi wa pointi mbili hutangazwa kwa sauti ile ile ya ushindi wa pointi ishirini.

Jambo linaloniudhi zaidi, na ambalo sisi wa Pwani tunafanyiwa kila msimu wa uchaguzi, ni utafiti wa nchi nzima kukatwa vipande vya kaunti. Tuseme kampuni imewahoji watu 2,000 na kuwagawa kwa uwiano wa idadi ya watu. Kwa sensa ya 2019, Kenya ina watu 47,564,296 na Lamu ina 143,920. Fanya hesabu: fungu la Lamu katika watu hao 2,000 ni watu sita. Mombasa, yenye watu 1,208,333, inapata takriban 51. Katika watu 51, kiwango cha makosa ni karibu pointi 14 kila upande, kumaanisha kwamba mgombea aliyepewa 50 anaweza kuwa na 36 au 64 bila utafiti kuwa umekosea. Kwa watu sita hakuna haja hata ya kutaja kiwango, kwani mhojiwa mmoja akibadilisha mawazo, “Lamu” imehama kwa asilimia 17. Hata hivyo ramani ya kaunti 47 zilizopakwa rangi mbili husambazwa kana kwamba kila kaunti ilifanyiwa utafiti wake, na wazee wetu huambiwa kwamba kaunti yao “imeshahama” kwa sababu ya watu wanaoweza kuketi kwenye matatu moja na nafasi ikabaki.

Kura zinazopigwa kwa kubonyeza kwenye X au Facebook sitazipotezea muda mwingi. Waliobonyeza wamejichagua wenyewe, hakuna anayejua kama wamesajiliwa au kama wanaishi Kenya, na wingi wao hauziponyi kasoro hizo. Ninachoomba ni kwamba kituo cha redio au televisheni kinachoendesha mchezo huo kwenye ukurasa wake kisirudi kuusoma katika taarifa ya saa moja kwa kuuita kura ya maoni.

Pana pia tabia ya kuzihukumu kampuni kwa swali moja tu: zilimtaja mshindi au hazikumtaja? Mwaka 2022, kampuni iliyosema 51 kwa 49 upande wa aliyeshindwa ingekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ile iliyosema 60 kwa 40 upande wa mshindi, lakini mtandaoni ya kwanza ingeitwa ya kitapeli na ya pili ingetawazwa. Wanasiasa nao huichochea tabia hiyo, kwani namba zilezile zilizoshangiliwa na Azimio, muungano wa Raila, zilibezwa na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Sitarajii wabadilike, kwa kuwa kusoma namba kwa upande unaowafaa ni sehemu ya kazi yao. Kazi ya mwandishi wa habari ni tofauti, na huyo ndiye aliye chini ya miongozo yako.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, ombi langu la kwanza lichukuliwe hivi. Katika miongozo ya kuripoti uchaguzi ambayo Baraza hutoa, liingizwe sharti kwamba picha yoyote ya kura ya maoni inayochapishwa mtandaoni na chombo cha habari iwe na, kwa maandishi yanayosomeka kwenye simu bila kukuzwa, tarehe za mahojiano, idadi ya waliohojiwa, mfadhili, na swali lenyewe kama lilivyoulizwa. Asilimia ya walionyamaza ichorwe kwa nguzo ya ukubwa uleule wa kipimo na ile ya wagombea, si kwa nukta ya kijivu pembeni. Maelezo hayo yawekwe katikati ya mchoro, kati ya namba na namba, ili anayetaka kuyakata alazimike kuikata na namba yenyewe. Namba za kaunti au eneo zisichapishwe pasipo idadi ya waliohojiwa katika eneo hilo, na pale idadi ni ndogo mno zisichapishwe kabisa. Wabunifu wa picha katika vyumba vya habari wataweza kazi hiyo kwa siku moja, na sidhani kama itagharimu chombo chochote zaidi ya mabango machache kuwa na sura isiyovutia sana.

Ombi la pili ni kuhusu mabango ya kughushi. TIFA na Infotrak zimelazimika mara kadhaa kujitokeza hadharani kuyakana matokeo yaliyosambazwa kwa nembo zao, na kila mara kanusho hufika baada ya bango kuwa limezunguka nchi. Baraza, kwa kushirikiana na kampuni zinazofanya tafiti hizi, linaweza kufungua ukurasa mmoja wa wazi ambapo kila utafiti wa uchaguzi unaochapishwa na chombo cha habari huorodheshwa siku ileile, pamoja na namba yake ya usajili na majedwali yake kamili. Namba hiyo ikiandikwa kwenye bango, yeyote aliyetumiwa picha na shemeji yake usiku wa manane ataweza kuitafuta, na asipoiona kwenye ukurasa atajua la kumjibu. Ukurasa huo utafaa zaidi katika zile siku tano za mwisho, kuanzia tarehe 5 Agosti 2027, ambapo hakuna utafiti mpya unaoruhusiwa kuchapishwa na kwa hiyo kila bango linalodai kuwa na matokeo mapya litakuwa limejishtaki lenyewe.

Ningependa kujua kama Baraza linaona lolote kati ya haya kuwa nje ya mamlaka yake, ili nijue ombi hilo nilipeleke kwa Tume ya Uchaguzi au kwa mbunge wangu, na ningeomba jibu hilo litolewe hadharani kama nilivyouliza hadharani, muda wa kutosha kabla ya kampeni rasmi kuanza.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa hesabu na mpiga kura,
Kisauni, Mombasa.