Asiyeona amchague mwenyewe wa kumsaidia kupiga kura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasioona wenzangu jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuambiwa: mtu wa kuingia naye kwenye kituturi, yaani kile kijichumba cha kupigia kura, unamchagua wewe. Hachaguliwi na karani, wala na msimamizi wa kituo, sembuse wakala wa chama.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na sioni tangu utotoni. Uchaguzi uliopita nilikwenda kituoni na mpwa wangu, mtu mzima ninayemwamini kwa siri zangu zote. Akazuiwa mlangoni, tukaambiwa wapo watu wa kazi hiyo. Karani akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni, "Mama, unampa nani?" Mawakala wa vyama walikuwa wamekaa hapo hapo. Nikakataa kutaja jina. Nilisimama hadi msimamizi akaja, akasoma maelekezo yake, akaamuru mpwa wangu aingie. Nikapiga kura yangu. Lakini mzee aliyenitangulia, ambaye naye haoni, alikuwa ameshamtaja mgombea wake mbele ya watu wote na kwenda zake. Ni kwa ajili yake ninaandika.

Haki hii si hisani ya karani mwenye moyo mzuri. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 21, linataja kura ya siri, na Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unairudia katika ibara ya 25. Mwaka 1996 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipoifafanua ibara hiyo, ilisema msaada kwa wasioona, wenye ulemavu na wasiojua kusoma lazima uwe huru, na kwamba wapiga kura waelezwe kikamilifu kuhusu ulinzi huo. Kwa hiyo hata kuambiwa ni haki yetu! Kisha ukaja Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006. Ibara yake ya 29 inazungumzia msaada unaotolewa kwa ombi la mpiga kura, na kwa mtu anayemtaka yeye. Asiyeomba asilazimishwe.

Hapo lazima niseme na ndugu zetu pia, maana shinikizo kubwa mara nyingine hutoka nyumbani. Mwana anampeleka mama yake kituoni, anaweka alama anapopenda yeye, kisha anamwambia, "Tayari, mama." Huo ni wizi, hata kama mwana huyo ndiye anayemlisha. Kazi ya msaidizi ni kusoma majina yote kwenye karatasi bila kuruka hata moja, kuweka alama pale alipoelekezwa, na kunyamaza siku zote. Ukiona nyumbani hakuna wa kumwamini, nenda na jirani au rafiki, ila uliza mapema sheria ya nchi yako inamruhusu nani. Katika nchi nyingi mgombea na wakala wake hawaruhusiwi kabisa.

Vilevile, ulizia jalada la kuwekea karatasi ya kura, lenye matundu na maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole, kabla hujakabidhiwa karatasi yenyewe. Likiwepo, na vidole vyako vinaijua nukta nundu, utapiga kura peke yako.

Kwa tume za uchaguzi nina ombi moja. Karani anapofundishwa kazi, afungwe kitambaa machoni, apewe karatasi ya kura, kisha aulizwe kwa sauti mbele ya wenzake anamchagua nani. Maelezo yetu haya nayo yatangazwe redioni wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, kwa kuwa bango la ukutani halitufai.

Na wewe unayemsomea gazeti bibi au babu asiyeona, tafadhali usiiruke barua hii.

Mwalimu mstaafu, mpiga kura asiyeona