Kabla ya kuchagua chuo cha udaktari, ulizeni kuhusu wodi

Mhariri,

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watahiniwa waliobebwa mabegani, na wengi wao wakiulizwa hujibu kwamba wanataka kuwa madaktari. Mimi hufurahi nikiwasoma. Nimekuwa muuguzi miaka 31, mingi yake katika wodi za watoto hapa Nairobi, na najua jinsi tunavyowahitaji. Lakini shangwe zikiisha, mtoto na wazazi wake hubaki wawili watatu mbele ya tovuti ya KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, wakijaza majina ya vyuo bila mtu wa kuwaeleza wanachokichagua. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Juzi jirani yangu hapa Umoja alinibishia hodi, yeye na bintiye aliyepata A-. Baba alikuwa na karatasi yenye vyuo vitatu, amevipanga kwa ukubwa wa jina.

"Sista, wewe umekaa na madaktari. Hapa kipi kinatambulika?"

Nikamwambia vyote. Baraza la Madaktari, KMPDC, ndilo hukagua vyuo vya udaktari na kuviidhinisha, na mwanafunzi mwenyewe huandikishwa na Baraza akiwa bado masomoni. Kulithibitisha hilo ni jambo la kuuliza mara moja, na kila mzazi alifanye kabla ya kulipa hata shilingi. Mimi nilikuwa na swali jingine kwake. Mtoto atajifunzia wodi gani?

Akanitazama tu. Hakuwa amelifikiria, wala simlaumu, kwa kuwa kwenye mabango ya vyuo huoneshwa jengo na bustani.

Shahada ya udaktari katika vyuo vyetu vingi huchukua miaka sita. Mwanzoni ni vitabu, maabara na maiti ya kujifunzia maumbile ya mwili. Baada ya hapo darasa huhamia hospitalini. Mwanafunzi anamhoji mgonjwa, anampima, anaandika alichokiona, kisha saa mbili asubuhi anasimama kando ya kitanda mbele ya mwalimu wake na kujieleza. Akikosea anasahihishwa hapo hapo, mgonjwa akisikia. Hakuna ubao unaoweza kufundisha hayo.

Miaka kadhaa iliyopita lilikuja kundi la wanafunzi katika wodi niliyokuwa nasimamia, wanazidi ishirini. Kitandani kulikuwa na mtoto wa wiki tatu aliyeishiwa maji mwilini kwa kuhara. Daktari bingwa akamwita kijana mmoja aguse utosi. Akaweka vidole viwili, akaviondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Alijua kwa maneno kwamba mtoto aliyepungukiwa maji utosi wake hubonyea, na angeweza kukuandikia ukurasa mzima. Lakini alikuwa hajawahi kumshika mtoto mchanga. Angemshika vipi? Watu ishirini wakizunguka kitanda kimoja, walio nyuma huona migongo ya wenzao.

Walipoondoka nilimrudisha. Nikamshika kidole nikakiweka taratibu, nikamwambia, "Sikia palivyoshuka." Kisha nikamwonesha namna ya kufinya ngozi ya tumbo na kutazama inavyochelewa kurudi. Akaanza kuja kila jioni, bila kuitwa, hadi zamu yake kwetu ilipokwisha. Nimeona pia makundi ya wanafunzi sita, kila mmoja na wagonjwa wake anaowajua kwa jina. Tofauti ya mikono yao huionea mbali, na akili za watoto hao ni zile zile.

Kwa hiyo nilimwambia jirani aulize haya. Wanafunzi wa chuo hujifunzia hospitali gani, na ni vyuo vingapi vingine vinaitumia hospitali hiyo hiyo? Wanafunzi wangapi husimama kwenye kitanda kimoja? Waalimu wa wodini wapo kila siku au hupita? Aulize wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, asiulize ofisi.

Vyuo vyetu havifanani, wala si lazima vifanane. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari tangu 1967, na wanafunzi wake hujifunzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako utaona ugonjwa ambao kwingine husomwa tu. Lakini hospitali ya rufaa hupokea waliokwisha kuzidiwa, na mwanafunzi hugombea mgonjwa na wanaosomea ubingwa. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanza kufundisha udaktari Eldoret mwaka 1990, huwapeleka wanafunzi vijijini na kwenye vituo vya afya kama sehemu ya masomo, wakaone ugonjwa unakoanzia. Mimi, kama ningekuwa na mtoto wa kumpeleka leo, ningeacha jina kubwa na kufuata mahali ambapo wanafunzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Anayefikiria kumpeleka mtoto ng'ambo ajue pia kwamba akirudi atafanya mtihani wa Baraza kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi, yaani mazoezi ya kazi hospitalini.

Tukaja kwa kazi yenyewe, na hapo baba alinyamaza zaidi.

Baada ya miaka sita kuna mwaka wa uanagenzi, ambapo daktari mpya huzunguka wodi za watu wazima, upasuaji, watoto na uzazi. Kuna usiku mmoja siusahau. Saa kumi alfajiri, daktari mwanagenzi aliyeingia kazini asubuhi ya jana yake alikuwa anatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto mdogo sana. Branula, ile sindano ya kuwekea dripu, ya kwanza imekosa, ya pili imekosa. Mama amesimama, machozi yanamtoka kimya. Yule daktari, binti mdogo, akaweka sindano chini, akavua glavu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sista, nijaribu tena au nimpigie mkubwa?" Nikamwambia piga. Akapiga, mkubwa wake akaja, mshipa ukapatikana kichwani. Yule mwanagenzi alipotoka aliketi karibu na sinki akanywa chai iliyopoa tangu saa tano. Mwezi huo ulikuwa wa tatu bila mshahara, na mwenye nyumba alikuwa amemtumia ujumbe mara mbili.

"Na huyo mtoto, Shosho, aliishi?" binti wa jirani akauliza.

Aliishi. Alienda nyumbani baada ya siku sita.

Habari za mshahara si uvumi wa wodini. Mgomo wa madaktari ulioanza 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa 2024 ulidumu siku 56, na jambo kubwa lilikuwa hao wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa Sh206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Ukishamaliza uanagenzi, hakuna ajira inayokusubiri. Tangu ugatuzi wa 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, na kuna madaktari wenye leseni ambao wamekaa nyumbani. Anayetaka ubingwa ataongeza miaka mitatu hadi mitano. Binti aliye na miaka 18 leo atakuwa karibu na thelathini.

Sisemi haya kumvunja mtu moyo. Kazi hii naipenda na madaktari nawapenda, na ndiyo maana sitaki mtoto aingie akiwa amefumbwa macho. Na yule anayependa kutibu lakini hana miaka hiyo yote, asione haya kwenda KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kusomea uuguzi au utabibu wa kliniki. Usiku ule wa branula, nusu ya waliokuwa macho katika jengo lile walitoka huko.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba siku za kuchagua vyuo gazeti lako litenge ukurasa mmoja, liandike kila chuo cha udaktari na hospitali zake za mafunzo. Na vyuo vyenyewe viandike wazi idadi ya wanafunzi kwa kila wodi, hapo hapo vinapoandika karo. Jirani yangu amepiga simu vyuo viwili. Kimoja kilimjibu siku hiyo hiyo. Kingine kilimtumia picha za maktaba.

Muuguzi mstaafu,
Umoja, Nairobi